Jina Si Hoja

Tarehe 17 Septemba 2013, shahidi wa kwanza katika kesi ya William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais wa Kenya, na mtangazaji Joshua Sang alianza kutoa ushahidi wake mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, mjini The Hague. Wakenya waliokaa mbele ya televisheni kumtazama hawakumwona. Waliona uso uliovurugwa kwa mitambo ukabaki vipande vya rangi, wakasikia sauti iliyopindwa isiweze kujulikana ni ya nani, na mahali pa jina palikaa nambari: 536. Alikuwa mwanamke, na alikuja kusimulia jinsi kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilivyotiwa moto tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Muda si muda, kwenye Twitter na kwenye blogu, watu walikuwa wakitaja jina walilodai kuwa ndilo lake. Kesho yake Jaji Chile Eboe-Osuji, aliyeongoza jopo la majaji watatu, alionya kwamba kufichua shahidi anayelindwa, au hata kujaribu kumfichua, kunaweza kuwa kosa la jinai. Onyo hilo halikuishia kwa magazeti na vituo vya redio. Liliwataja wanablogu na watumiaji wa mitandao ya kijamii. Hapo ndipo swali linapozuka. Mtu asiyelipwa, asiye na kitambulisho cha uandishi wala mhariri wa kumkosoa, anayeandika kwa kuwa ana simu na ana la kusema, anafungwa na nini hasa jaji anapomwambia jambo hili usiliandike?

Sheria ina jibu lake, nalo ni jepesi. Mkataba wa Roma, ulioiunda ICC, unampa mshtakiwa haki ya kesi ya wazi, lakini papo hapo unaitaka mahakama ilinde usalama wa mashahidi, hata kwa kufunga sehemu ya kikao. Kifungu chake cha 70 kinaadhibu makosa dhidi ya mwenendo wa haki kwa kifungo cha hadi miaka 5, na hakimuulizi mtu anafanya kazi gani. Katiba ya Kenya ya 2010 imepita njia hiyo hiyo: kifungu cha 50 kinaamuru kesi isikizwe hadharani, kisha kinaruhusu wanahabari na umma watolewe nje pale ambapo ni lazima kumlinda shahidi au mtu aliye katika hali ya udhaifu. Nchini Uingereza, baada ya mvutano mrefu juu ya Spycatcher, kitabu cha jasusi mstaafu Peter Wright, Mabwana wa Sheria, majaji wa juu kabisa wakati huo, waliamua mwaka 1991 kwamba hata asiyetajwa katika amri anaweza kuwa ameidharau mahakama, ikiwa alijua amri ipo na kwa makusudi akaivuruga shabaha yake. Kwa hiyo sheria hutazama tendo na ujuzi wa mtendaji, haitazami kazi yake. Mfanyakazi wa gazeti na kijana aliyejiinamia simu yake katika matatu wako mbele ya amri moja. Hata hivyo jibu hili halitoshi. Linaeleza kwa nini mtu anaweza kuadhibiwa. Halielezi kwa nini anyamaze anapojua kwamba kati ya maelfu waliokwisha kuandika, yeye hatatafutwa na mtu. Penye woga peke yake hapana wajibu, pana bahati tu.

Hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa mwandishi wa kujitolea ilikwisha kuandikwa na Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, katika makala yake fupi ya mwaka 1784 juu ya maana ya kuelimika. Kant aligawa mara mbili matumizi ya akili. Mtu aliyeshika wadhifa, kama ofisa wa jeshi au kasisi, anaweza kuwekewa mipaka katika maneno anayoyasema kwa wadhifa huo, maana amekubali kuwa kiungo cha chombo. Lakini mtu huyo huyo anapoandika kama msomi mbele ya ulimwengu wa wasomaji, akili yake haina budi kuwa huru. Tukiipokea hoja hii ilivyo, mambo yanageuka juu chini. Mwandishi wa gazeti ndiye aliyeshika wadhifa: ana mwajiri, ana mwanasheria wa kampuni, ana leseni ambayo serikali inaweza kuinyang'anya. Mwandishi wa kujitolea hana hata kimoja cha hivyo. Hakuna alichokipokea ambacho kinamdai ukimya. Yeye ndiye msomi wa Kant aliye mtupu kabisa wa wadhifa, raia anayezungumza na wenziwe. Basi amri inayomfunga mwenye mshahara ingepaswa kumwacha yeye akipita.

Hoja hii ni nzuri, na kasoro yake imejificha katika neno moja: akili. Kant alitetea uhuru wa kutoa hoja. Alitaka ofisa aweze kuandika kwamba mpango wa vita una kosa, na mlipa kodi aweze kuonyesha kwamba kodi ni dhuluma. Jina la shahidi si hoja. Halithibitishi jambo wala halikanushi jambo. Kipimo chake ni rahisi: chukua makala yoyote iliyoandikwa Kenya juu ya kesi ile, weka 536 kila palipotajwa jina, kisha uisome tena. Aliyeshuku kwamba mahakama ya The Hague inawawinda Waafrika, hoja yake imebaki nzima. Aliyesema upande wa mashtaka ulifanya uchunguzi wa kizembe, hoja yake imebaki nzima. Aliyeona shahidi anajikanganya, au aliyeona anasema kweli, hakupungukiwa na kitu. Wala mshtakiwa hakuonewa kwa umma kutolijua jina, kwa kuwa mawakili wake walimjua shahidi waliyekuwa wakimhoji. Pazia lilishushwa kati ya shahidi na umma, halikushushwa kati ya shahidi na utetezi. Basi jina linapoongezwa katika makala, linaongeza nini? Linaongeza njia ya kumfikia mtu: mlango wake, shamba lake, watoto wake wanaokwenda shule. Anayelichapisha hajawapa wasomaji jambo la kufikiri, amewapa anwani. Ndiyo maana uhuru ule ambao Kant aliudai kwa msomi hauguswi na amri ya namna hii, na mwandishi wa kujitolea anaweza kuitii bila kupoteza hata sentensi moja iliyostahili kuandikwa.

Wako watakaosema kwamba ukweli hauna mwenyewe. Kama jina ni la kweli, watauliza, ni kwa haki gani mtu atazuiwa kulisema? Kwa msomaji wa Kiswahili swali hili lina jibu la siku nyingi kuliko mahakama zote zilizotajwa hapa. Mafundisho ya Kiislamu juu ya ghiba, yaliyozoeleka misikitini na barazani kote pwani, yamejengwa juu ya jambo linalomshangaza anayelisikia mara ya kwanza: ghiba ni kumsema mwenzako, asipokuwapo, kwa jambo la kweli ambalo angechukia kusemwa. Likiwa la uongo, hilo ni kosa jingine, buhutani, na ni kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba ukweli si kinga. Mtu hawezi kujitetea kwa kusema, lakini ni kweli, kwa sababu ukweli wake ndio unaoifanya iwe ghiba. Pamoja na wazo hilo linakwenda lile la sitara, yaani heshima ya kumfunika mtu aliye wazi. Muhimu zaidi ni kwamba wanavyuoni hawakuliacha katazo hili ligeuke ngao ya madhalimu. An-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, anahesabu sababu 6 zinazohalalisha kumsema mtu, na miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kumshtaki aliyemdhulumu mbele ya mwenye uwezo wa kuhukumu, na kuwaonya watu juu ya shari. Tazama zinakoelekea ruhusa hizi. Zinamfungulia kinywa mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Shahidi aliye mbele ya jaji ndiye hasa aliyeruhusiwa kusema; anayemtaja shahidi huyo kwa umma hana ruhusa hata moja kati ya zile 6 ya kuegemea.

Pingamizi linalofuata ni la wingi, nalo linamhusu mwandishi wa kujitolea kuliko mwandishi wa gazeti. Gazeti likivunja amri, mvunjaji ni mmoja na anajulikana. Mtandaoni mara nyingi hakuna aliyesema kila kitu. Mmoja anaandika kwamba mama huyu lazima ni wa sehemu fulani, kwa jinsi alivyolitaja kanisa. Wa pili anakumbuka ni nani aliyehama kijijini mwaka uliotangulia. Wa tatu anauliza tu, bila kutaja jina, kama kuna anayejua familia ile iko wapi siku hizi. Wa nne anaweka picha ya zamani bila maelezo. Kila mmoja wao akiulizwa atasema kweli kwamba hakufichua mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na methali tuliyoizoea kama sifa ya kuweka akiba inasema vilevile juu ya madhara. Kibaba kikijaa, hakuna punje inayoweza kusema haikuwamo. Kuna anayedai kwamba kipande chake hakikuwa na athari kwa kuwa kibaba kingejaa hata bila yeye. Lakini dai hilo linaweza kutolewa na kila mmoja wao, na likikubaliwa kwa wote, basi mtu amedhurika bila ya mdhuru. Udhaifu huo wa matokeo ndio unaotuonyesha kwamba wajibu haupimwi kwa ukubwa wa kipande. Unapimwa kwa kujua kipande kinakwenda kujaza nini. Na hapa hakuna aliyeweza kusema hakujua: ule uso uliovurugwa na ile sauti iliyopindwa ndiyo ilani yenyewe. Asiyewahi kusoma amri yoyote ya mahakama alielewa, kwa kutazama tu, kwamba kuna mtu anafichwa kwa sababu anahofiwa.

Ndugu wa pingamizi hilo ni wale wasemao kwamba siri imekwisha kutoka, na kulirudia lililosemwa si kosa. Kwetu kuna msemo unaowapa nguvu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini tofauti kati ya uvumi na habari ndiyo hasa inayopotea jambo linaporudiwa. Jina lililotajwa na mtu mmoja asiyejulikana lina shaka ndani yake. Likitajwa na mia, shaka inakufa ingawa ushahidi haukuongezeka hata chembe. Tena anayerudia hana njia ya kujua kama jina ni lenyewe. Likiwa lenyewe, amemwongezea hatari mtu ambaye mahakama ilimwahidi ulinzi. Likiwa la mtu mwingine, amemtwika mwanamke asiyehusika uadui wa kesi ambayo hakuwahi kuikanyaga, na huyo hana hata kitengo cha kulinda mashahidi cha kumkimbilia. Katika hali zote mbili hakuna aliyefaidika.

Sasa tuje kwenye pingamizi ambalo halistahili kupuuzwa. Mficha uchi hazai, na mahakama nazo zinaweza kuficha uchi wao wenyewe. Mwaka 2024 shirika la habari la India, ANI, liliishtaki Wikimedia Foundation mbele ya Mahakama Kuu ya Delhi kwa yale yaliyoandikwa juu yake katika kamusi elezo ya Wikipedia, ambayo huandikwa na watu wa kujitolea. Mwezi Agosti mahakama iliamuru taarifa za watumiaji 3 walioihariri makala yenye maneno hayo zitolewe. Waandishi wengine wa Wikipedia wakafungua ukurasa unaoeleza kesi yenyewe na maneno waliyoyasema majaji. Majaji walipouona, wakaona unaingilia shauri lililo mbele yao, wakaamuru uondolewe. Mwezi Oktoba ukaondolewa, usionekane India wala kwingineko. Hapa jaji alikataza nini? Hapakuwa na shahidi aliyefichwa, wala mtoto, wala aliyebakwa. Kilichofutwa ni maelezo ya raia juu ya namna mahakama ya umma inavyofanya kazi ya umma, na ukiyatoa hayo hakuna kinachobaki. Kipimo kilekile kilichotuonyesha kwamba jina la 536 si hoja kinatuonyesha kwamba ukurasa wa Delhi ulikuwa hoja mwanzo hadi mwisho. Mahakama ya Juu ya India iliitengua amri hiyo tarehe 9 Mei 2025, ikasisitiza kwamba mahakama ni taasisi ya umma na haina budi kuwa wazi kwa mijadala na ukosoaji.

Kesi ya Delhi ina funzo jingine, na hili ndilo linaloziunganisha kesi mbili hizi. Wale watumiaji 3 nao walikuwa wakiandika bila majina yao halisi, na kilichotakiwa kutoka kwao ni kilekile kilichotakiwa kwa shahidi wa The Hague: jina, njia ya kufikiwa. Waandishi wa kujitolea kote duniani waliona hatari ya jambo hilo upesi. Waliona kwamba aliyeandika dhidi ya kampuni yenye mawakili na fedha hawezi kuandika tena pale jina lake linapokuwa mezani kwa mlalamikaji. Basi wanaelewa vizuri kabisa sitara ni nini na inamlinda nani. Anayedai sitara hiyo kwa ajili yake, kwa kuwa bila hiyo sauti yake itazimwa, hana mlango wa kutokea anapomnyima mwanamke aliyekuja kusema mbele ya majaji jambo ambalo wenye nguvu hawakutaka lisemwe. Shahidi yule na mwandishi yule wako upande mmoja. Wote wawili ni watu wadogo waliosema, na jina lao ndilo fimbo pekee inayoweza kuwanyamazisha.

Wapo pia wanaoegemea mpaka. Mwaka 2005 Jaji John Gomery, akiongoza tume iliyochunguza jinsi fedha za serikali kuu ya Kanada zilivyolipwa kampuni za matangazo za Quebec, alizuia kwa muda kuchapishwa kwa ushahidi wa watu waliokuwa wakisubiri kesi za jinai, ili wazee wa baraza watakaowahukumu wasije na akili zilizokwisha kulishwa. Mwanablogu wa Marekani, Ed Morrissey, akaandika yaliyosemwa humo, na Wakanada wakavuka mpaka kwa kubofya tu. Jaji wa Kanada hakuwa na mkono wa kumfikia. Mwezi Aprili mwaka huo huo Gomery mwenyewe aliondoa zuio kwa sehemu kubwa ya ushahidi wa mmoja wa mashahidi hao. Mkenya anayeandika akiwa Texas anaweza kulishika tukio hili kama kibali, hasa kwa kuwa Marekani si mwanachama wa ICC. Lakini kilichovuka mpaka wa Kanada kilikuwa habari za fedha za umma, na kilichohofiwa ni dhana ya wazee wa baraza, jambo ambalo mahakama ina njia nyingine za kulitibu, kama kuwahoji wazee hao au kuahirisha kesi. Mpaka unamwambia mtu mkono wa jaji unaishia wapi. Haumwambii madhara ya neno lake yanaishia wapi, na neno lililoandikwa Texas husomwa Eldoret kabla chai haijapoa.

Linabaki swali la nani apime. Nikisema kuna amri zinazomfunika mnyonge na amri zinazomfunika mwenye mamlaka, je, sijamkabidhi kila mwenye simu kazi ya ujaji, aamue mwenyewe ipi aitii na ipi aivunje? Ningekuwa nimefanya hivyo kama makosa ya pande mbili yangekuwa na uzito mmoja, nayo hayana. Mwandishi akinyamaza kwa amri mbovu, kilichopotea kinaweza kurejeshwa: ukurasa wa Delhi ulikaa gizani miezi michache, Wikimedia ikautoa huku ikikata rufaa, na uamuzi wa Mahakama ya Juu sasa unawalinda waandishi wengi kuliko ukurasa wenyewe ulivyoweza. Mwandishi akisema kinyume cha amri njema, hakuna rufaa inayorejesha kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo penye shaka, mwenye haki anangoja na kupinga kwa njia ya wazi: anaandika kwamba kuna amri, anaeleza kwa nini anaiona mbaya, anawaunga mkono wanaoipeleka mbele. Hayo yote ni hoja, na zuio halali haliwezi kuyagusa. Anachojizuia nacho ni kile kimoja tu ambacho, kikishatoka, hata jaji aliyekosea hawezi kukirudisha.

Kesi ya Ruto na Sang ilifikia kikomo tarehe 5 Aprili 2016, pale majaji wawili kati ya watatu walipoamua kwamba haiwezi kuendelea. Hapakuwa na hukumu ya hatia, na Jaji Eboe-Osuji, katika maelezo yake mwenyewe, alizungumzia kuingiliwa kwa mashahidi na shinikizo la kisiasa. Watu bado wanabishana kuhusu kesi ile: kama ilistahili kufunguliwa, kama ushahidi ulitosha, kama mahakama ilikuwa na haki ya kuwapo. Ubishi huo uko huru, na unaendelea bila kizuizi. Katika kumbukumbu za wazi za mahakama, zinazoweza kusomwa na yeyote mwenye simu, mwanamke aliyezungumza kwanza ameandikwa bado kwa nambari, na hakuna hata mmoja kati ya wabishi, wa upande huu au ule, aliyewahi kukwama kwa kukosa jina lake.